Mbuzi wa Shangazi na Ujumbe Nilioukalia

Paskazia tumemzika Kishanda mwezi uliopita, ndani ya kibanja kilekile, shamba la migomba linalozunguka nyumba, alichoingia akiwa omugole, yaani bibi harusi. Pale kaburini waliniomba niseme neno, kwa kuwa kati ya watu wote waliosimama pale ni mimi tu niliyemfahamu kabla majirani hawajauona uso wake. Nikasema alikuwa mchapakazi, amelea watoto wake vizuri, Mungu amlaze pema. Nikakaa. Watu wakaitikia amina. Niliyoyasema ni kweli, ila ni maneno unayoweza kusema juu ya mzee yeyote aliyekufa. Nimerudi kwangu Kitendaguro, na yale ambayo sikuyasema yananifuata mpaka jikoni, naunguza maharage. Mjukuu wangu akanipa daftari, akasema, "Bibi, yaandike basi, utupikie kwa amani." Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo msomaji asitafute mapambo hapa.

Nilikuwa na miaka kama kumi na mitatu, Mwingereza bado anatawala, nilipopelekwa kukaa mwaka mmoja kwa shangazi Domitila. Kwa nini nilipelekwa si habari ya leo. Nataka kwanza uione ile nyumba. Ilikuwa msonge, nyasi tupu kutoka kileleni hadi chini, na mlango ukikuinamisha hata kama u mfupi. Ukiingia unakanyaga majani laini yaliyotandazwa sakafuni, ambayo mimi niliyabadilisha kila Jumamosi. Kulia kulikuwa na mafiga na moshi wake. Kushoto, nyuma ya mti mmoja uliolazwa, walilala mbuzi sita. Na huko ndani kabisa, mkabala na mbuzi, palikuwa na chumba cha matete chenye pazia la marekani. Nyuma ya pazia hilo aliketi Paskazia, aliyekuwa ameolewa na Andrea, mtoto wa shangazi, majuma machache kabla sijafika. Andrea alikuwa kibarua kwenye ghala la kahawa mjini Bukoba, anakuja Jumamosi moja, nyingine haji.

Vijana wa sasa nikiwaambia hawaamini. Omugole wakati ule alikaa ndani miezi. Halimi, hachoti maji, hatoki mchana, wala hasemi kwa sauti mama mkwe akiwa anasikia. Akiwa na haja anamnong'oneza mtoto wa nyumbani, na mtoto ndiye anayepeleka neno. Mwisho wa miezi hiyo anakwenda kuwasalimu wazazi wake na zawadi kutoka kwa mama mkwe, akirudi anapewa jembe, anakuwa mke wa mji kama wengine. Zawadi ya Paskazia ilikuwa imeshatajwa mbele ya wazee wa pande zote mbili: mbuzi jike wa rangi ya udongo, mwenye mimba, tuliyemwita Bihogo. Bila Bihogo, asingekwenda kwao. Na omugole asiyekwenda kwao kusalimu, watu wanajua kuna jambo.

Mtoto wa kupeleka maneno nilikuwa mimi, na nitasema wazi kwamba sikumpenda. Mimi niliamka na umande, nikafagia, nikachota maji mtoni, nikakata majani. Jioni ndizi zikiiva, shangazi anafunua majani ya mgomba, mvuke unapanda, na zile za katikati, laini, zenye samaki juu yake, zinakwenda nyuma ya pazia. Maziwa nyuma ya pazia. Hata samli ya kujipaka. Mimi nakula za pembeni zilizogusa chungu. Namsikia yule mwenzangu akitafuna taratibu, kama mtu asiye na kazi kesho, na kweli hakuwa nayo.

Shangazi alikuwa na sheria moja kubwa juu ya mbuzi, kwamba mavi yao yasipotee. Kibanja chake kilikuwa na migomba minene kuliko ya wote pale, na alijua kwa nini. Wenzake waliwapeleka mbuzi juu rweya, ile nyika ya wazi kileleni, yeye akiwacheka: "Wanaila rweya, wanainyea rweya, migomba ya mwenyewe inakufa njaa." Mbuzi wake walifungwa ukingoni mwa kibanja upande wa chini, kila mmoja na kigingi chake, vigingi vilevile mwaka mzima, na mavi yakafagiliwa kwenye migomba. Mvua zilipoanza hapo chini yaliota majani marefu, ya kijani iliyokoza. Huko ndiko nilikokata majani ya jioni. Hatua thelathini tu kutoka mlangoni.

Siku moja nimewaingiza mbuzi kabla ya chakula, shangazi yuko nje anamenya ndizi, nikasikia pazia likisogea.

"Wifi," Paskazia alininong'oneza, "yule mweupe ana mfuko chini ya taya."

"Ameshiba huyo."

"Shibe haikai kwenye taya. Kesho asubuhi utamtazama, mfuko hautakuwepo. Jioni utarudi. Mlete hapa."

Nikamvuta yule mweupe. Akaja kwa kusitasita, miguu ya nyuma inapishana. Paskazia akamshika kichwa, akaweka kidole gumba kwenye kope ya chini na kuishusha. Ndani palikuwa peupe, peupe kabisa, kama unga wa muhogo. Kisha akaniambia nimshushe yeye kope yake. Nikaona nyekundu ya kupendeza, kama pera lililoiva ndani. Nikajaribu kwa Bihogo. Hakuwa mweupe kama yule, lakini hakuwa pera.

"Ni minyoo," akasema. "Inakaa tumboni inanyonya damu mpaka inabaki maji, na maji hayo ndiyo yanayoshuka kwenye taya mbuzi akiinama kula. Kwetu tuliwahi kupoteza zizi zima. Mwambie Mae, mama yetu, awatoe kwenye vile vigingi, waende juu rweya. Na wewe usikate majani pale penye mavi. Viminyoo vinapanda kwenye majani na umande. Mnawalisha kile wanachokinya. Nenda mwambie, mimi siwezi."

Niliyaelewa yote, na hapo ndipo penyewe. Nilielewa pia kwamba rweya iko juu kileleni, na atakayepanda na mbuzi sita kila asubuhi na kushuka na mzigo wa majani kichwani si yeye mla samaki. Nikasema ndiyo. Nikatoka, nikakaa karibu na shangazi, nikashika kisu, nikamenya ndizi naye, na sikusema kitu.

Baada ya siku chache pazia likasogea tena. "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Amesemaje?"

"Amesema ataona."

"Haya," akasema. Kwa omugole, mama mkwe akishasema ataona, hakuna la kuongeza.

Yule mweupe alilala chini kabla mwezi haujaisha na hakuinuka. Ta Simeo, jirani yetu, alikuja kumchinja kabla hajafa mwenyewe. Nilishika bakuli. Kilichotoka hakikuwa damu ninayoijua. Kilikuwa kama maji uliyooshea nyama. Ta Simeo akatazama kisu chake, akatazama bakuli, akasema, "Domitila, mbuzi huyu alishaliwa kabla mimi sijafika." Akaondoka bila kuomba hata ngozi.

Mkewe, Ma Leokadia, alikuja kesho yake kutafuna kahawa na shangazi. Mimi nilikuwa nje kwenye kivuli cha nyasi za paa, napeta maharage, na nyasi hazizuii sauti.

"Mimi sisemi kitu," Ma Leokadia alisema, na mtu akianza hivyo ujue anasema. "Ila mbuzi wako walikuwa wanaruka ua. Leo wanatembea kama wazee wa kanisani. Ni tangu lini, Ma Domitila?"

"Tangu mvua."

"Mvua! Mvua imenyesha kwangu pia. Kwako kimeingia kitu gani kingine pamoja na mvua?"

Nilisikia punje za kahawa zikivunjika kwenye meno ya shangazi.

"Anakaa mkabala nao usiku kucha," Ma Leokadia akaendelea. "Yeye ananenepa, wao wanakauka."

"Andrea anampenda," shangazi akasema.

"Andrea yuko Bukoba. Wewe ndiye uko hapa."

Shangazi akasema polepole, "Bihogo akifa, sina cha kumpeleka nacho kwao. Watakuja wamchukue wenyewe, na asirudi." Paskazia alikuwa hatua nane kutoka walipokaa. Alisikia kama nilivyosikia mimi. Hapo ningeweza kuingia na ungo wangu na kusema. Nilipeta maharage yaleyale mara ya pili.

Wakati huo serikali ilikuwa na Bwana Mifugo wake. Siku za Alhamisi alifika gombolola, ndiyo ofisi ya chifu mdogo, upande wa Muleba, akatazama wanyama wa watu. Shangazi akaamua. Jumatano jioni akaniambia, "Koku, kesho alfajiri uwaswage wote watano mpaka gombolola. Huyo Mswahili awaone." Nilikuwa najibu ndiyo, sauti ikatoka nyuma ya pazia. Haikuwa mnong'ono. Ilikuwa sauti ya mtu mzima, yenye kutetemeka.

"Mae, usiwatembeze. Hawana damu ya kupandia kilima. Watakufa njiani. Apeleke mavi yao, aache wenyewe."

Moto ulilia paa, paa, na hakuna aliyesogea. Shangazi aliligeukia pazia kana kwamba lenyewe ndilo limesema. "Tangu lini omugole ananisemesha nyumbani kwangu?" Kisha akanigeukia mimi. "Wewe unayeingia mle kila siku, ulikuwa unajua kitu juu ya mbuzi hawa?"

"Sijui, shangazi," nikasema.

Alikaa akiukodolea moto macho mpaka ndizi zikaanza kushika chini. Mwishowe akasema, "Peleka mavi." Nadhani aliogopa Bihogo kufa njiani kuliko alivyochukia ile sauti. Lakini chakula cha usiku ule, shangazi alikipakua, na samaki hakwenda nyuma ya pazia. Nilipewa mimi. Sikumbuki kama nimewahi kula samaki mbaya kama yule.

Basi nikaenda gombolola na mavi ya mbuzi watano, kila ya mmoja yamefungwa kwenye jani lake la mgomba lililobabuliwa, kama mtu anayepeleka chakula shambani. Bwana Mifugo alikuwa mtu wa Tabora, mrefu, kaptura imepigwa pasi, Kihaya hajui hata salamu. Alidhani nimemletea zawadi. Akafungua ya kwanza.

"Wewe binti, nini hii?"

"Mavi, bwana."

"Naona ni mavi. Watu huniletea mbuzi."

"Mbuzi hawana damu ya kupandia kilima, bwana."

Akaacha kucheka. "Nani amekwambia maneno hayo?" Nikasema wifi yangu. "Na kope umezitazama?" Nikasema nyeupe, kama unga wa muhogo. "Taya?" Nikasema mfuko, jioni tu. Akanitazama kwa muda, akafunga jani vizuri kama alivyolikuta. "Huyo wifi yako angekuwa na suruali ningempa kazi," akasema. "Twende."

Alikuja na baiskeli yake, mimi nakimbia nyuma kwenye miteremko. Alishusha kope moja baada ya nyingine, akakoroga unga wa rangi ya majani makavu kwenye chupa yenye shingo ndefu, akanifundisha kumshika mbuzi bila kumwinua kichwa sana, dawa isije ikaingia mapafuni. Bihogo alimpapasa tumbo kwanza, akampimia ya kwake mwenyewe, taratibu. Ta Simeo na mkewe walikuja kutazama, na majirani wengine wakasimama ukingoni mwa migomba. Kwa kuwa Kiswahili pale nilikijua mimi, kile cha darasa la pili, nilikuwa mkalimani. Akasema ving'olewe vigingi vyote, nikatafsiri. Majani yatoke juu rweya jua likishakausha umande, nikatafsiri. Wapumzike, wapewe majani ya viazi na chumvi, na mavi yazikwe kwenye shimo kwanza kabla ya kwenda kwenye migomba. Nikatafsiri. Shangazi akasema kwa Kihaya, "Ningeambiwa haya mapema, yule mweupe angekuwa hai." Masikio yangu yakawaka moto.

Bwana Mifugo akapanda baiskeli. Mguu mmoja ukiwa bado chini akageuka. "Na kesho mkojo wao utakuwa mwekundu. Si damu, ni rangi ya dawa. Mwambie mama asishtuke."

Hilo sikulitafsiri. Kutamka mkojo mbele ya Ta Simeo, msichana wa miaka kumi na mitatu, niliona aibu. Nikajiambia nitamwambia shangazi tukiwa wawili. Lakini jioni ile sikutaka kuwa naye wawili, asije akaniuliza tena lile swali la jana. Nililala mapema.

Asubuhi Ma Leokadia alikuja kuomba moto na kigae chake. Akainama mlangoni, akasimama, akapiga kelele. "Yesu na Maria! Ma Domitila, njoo uone!" Majani ya sakafuni walipolala mbuzi yalikuwa mekundu, mekundu hasa, kama palipochinjwa mnyama. "Sasa wanakojoa damu yao ya mwisho. Mimi nilisema? Nilisema au sikusema?"

Shangazi hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alipita nyuma ya pazia, akatoka na sanduku la Paskazia, lile la mbao alilokuja nalo harusini, analivuta kwa mkono mmoja juu ya yale majani mekundu mpaka nje uani. "Andrea akija atalikuta hapo," akasema. "Na mwenyewe akae nalo."

Paskazia akatoka. Ndiyo mara ya kwanza kumwona kwenye mwanga wa jua. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, labda ananizidi miaka minne. Alijifunika khanga mpaka kidevuni, akafinya macho, akasimama kando ya sanduku lake. Hakujitetea. Alinitazama mimi. Wala hakunitazama kwa hasira, ila kama unavyomtazama mtoto anayehangaika na fundo la kamba, unasubiri alifungue.

Nikasema. Nilisema yote kwa mkupuo, bila mpangilio: kwamba rangi ile ni ya dawa, Bwana Mifugo amesema, kwamba Paskazia aliniambia habari za minyoo na vigingi na majani, kwamba alinituma, na mimi nikamdanganya kwamba nimeshafikisha.

"Alikutuma lini?" shangazi akauliza.

"Yule mweupe akiwa hai."

"Na juzi nilipokuuliza?"

"Nilisema sijui."

Nilisubiri fimbo. Nilikuwa naiona kabisa, nyuma ya mlango. Shangazi akamgeukia jirani yake. "Ma Leokadia, moto wako utazimika. Nenda." Yule mama akaenda, na kigae chake. Kisha shangazi akaniambia nilirudishe sanduku ndani, peke yangu. Lilikuwa zito, nilivuta hatua kwa hatua huku wao wawili wamesimama. Nilipomaliza, shangazi aliingia, akaketi chini kwenye majani mbele ya pazia, mama mkwe mbele ya omugole, jambo ambalo sijaliona tena popote.

"Mwanangu," akasema, "kuanzia leo ukiwa na neno niambie mwenyewe. Huyu mtoto si njia."

Hakunipiga, si siku ile wala baadaye. Alisema maneno hayo matatu, mtoto si njia, na akaenda kupika. Nimepigwa mara nyingi maishani na nimesahau karibu zote.

Vigingi niling'oa mimi. Shimo nilichimba mimi. Rweya nilipanda kila siku jua likishakausha umande, na nilijifunza kwamba si mbali kama nilivyofikiri. Mkojo ulirudi rangi yake siku ya tatu. Bwana Mifugo alikuja mara ya pili kuwanywesha, akasema tusiwe na haraka, minyoo inatoka kwa siku moja ila damu inarudi kwa majuma. Kila jioni tulishusha kope, Paskazia na mimi, na shangazi akishika taa. Unga wa muhogo ukawa kama maziwa yaliyodondoshewa chai, kisha pera bichi. Mmoja alikufa hata hivyo, beberu mdogo. Bihogo akazaa mtoto mmoja, mdogo, mwenye sauti kubwa. Paskazia alipokwenda kuwasalimu wazazi wake alikwenda na mbuzi wawili, na aliyewapeleka, mmoja kwa kamba na mmoja kifuani, nilikuwa mimi. Shangazi ndiye aliyenichagua. Hakusema kwa nini.

Miaka yote iliyofuata Paskazia hakuwahi kunikumbusha. Tukikutana alikuwa ananishika uso, ananishusha kope kwa kidole gumba, anasema, "Bado nyekundu, wifi," tunacheka, tunakaa kula. Basi.

Mwezi mmoja kabla hajafa waliniita Kishanda. Niliwakuta wanawe uani, wamekuja kutoka Kashai na Mwanza, wanabishana juu ya gari: apelekwe Mwanza usiku huohuo au asubuhi. Niliingia ndani. Siku hizi ni nyumba ya bati, kitanda kimewekwa dirishani. Alikuwa amepungua, shuka halikuonyesha kama kuna mtu. Niliketi, nikamshusha kope kabla hata ya salamu.

"Unaonaje?" akauliza.

"Unga wa muhogo."

"Najua." Akapumua. "Wifi, wasinitembeze. Daktari wa hapa aje, dawa nitakunywa, sindano sawa. Lakini ile barabara siiwezi. Nimewaambia, wanasema mama anaogopa gari. Nenda wewe ukawaambie."

Chai niliyokuwa nimewekewa niliiacha. Nikatoka mpaka uani, nikawaambia neno kwa neno kama alivyosema, na walipoanza kujibu nikawaambia tena. Nikarudi ndani.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wamesemaje?"

Nikafungua mlango, nikamwita mwanawe mkubwa, nikamsimamisha miguuni pa kitanda aseme mwenyewe, mama yake akisikia.